Punje ya Hindi Kwenye Kikombe

Mwezi uliopita, tulipokuwa tunangoja chai nje ya kanisa hapa Kitengela, mmoja wenu aliniuliza, "Guka, babu yetu, hiyo miaka yote ya kuokoa watu mlimani, ushawahi kukosea mtu akaumia?" Nikajifanya sikio langu la kulia limeziba. Sikio langu la kulia ni zima kabisa. Nilisikia, nikarudi nyumbani, nikashindwa kula.

Sasa mnasema mnataka kuanzisha kikosi chenu cha uokoaji, nyinyi mnaopanda mlima kila mwezi na kurudi na picha nyingi na visigino vimechubuka. Mmenunua kamba, mmechapisha fulana. Vizuri. Lakini kabla hamjagawana vyeo, someni haya. Nimeyaandika kwa sababu nikisimama mbele yenu nitapindisha maneno, najijua. Nilifanya kazi ya kuokoa wapandaji waliokwama kule juu Mlima Kenya kwa miaka ishirini na sita, na kuna asubuhi moja nilidanganya. Kwa uongo ule rafiki yangu alikaribia kufa, na yeye ndiye aliyelaumiwa. Mimi nilipewa cheti.

Nitaanza na mambo ya kazi, maana aibu yangu haitawafaa kitu kama hamjui kazi yenyewe.

Siku yangu ya kwanza kupanda na kikosi, tulimkuta mpandaji ameketi kwenye theluji, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikavua glavu zangu, nikamvika. Nilijiona Msamaria Mwema kabisa. Kiongozi wetu wakati huo alikuwa Mzee Muriuki, na Mzee Muriuki hakuwa mtu wa kusifu. Aliangalia mikono yangu mitupu, akasema, "Nilikuja kuchukua mgonjwa mmoja. Sasa niko na wawili. Kamba itafungwa na nani, wewe na hivyo vidole?" Nilishuka siku hiyo mikono nimeibana kwapani, mzigo kwa watu waliokuwa tayari na mzigo. Basi shikeni hilo: usimpe mtu ulichovaa. Beba cha ziada, umpe cha ziada.

Mzee Muriuki alianza kama mpagazi wa kubebea wageni mizigo. Shule aliiacha darasa la nne, lakini angetazama wingu saa tatu asubuhi akakuambia litakuwa limekaa wapi saa sita, na lingekaa hapohapo. Alinifundisha kufunga fundo mwishoni mwa kila kamba kabla ya kuteremka, hata kama unaona kamba imefika chini. Ukungu hudanganya macho, na watu hodari wameteremka mpaka kamba ikawaishia mikononi. Alinifundisha pia kumpima mtu aliyeanza kuugua kwa sababu ya hewa nyembamba. Usimuulize kama yuko sawa, kwa sababu atakuambia yuko sawa. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, vile askari wa trafiki humpima mlevi. Akiyumba, usibishane naye, usimchemshie chai. Ubongo umeanza kuvimba, na dawa ya kwanza ni kushuka. Hata maombi, mtaombea njiani.

Na kuna hili la nani anaokolewa. Wakati mmoja tuliitwa na mgeni aliyekuwa analalamikia magoti. Tulipofika, tulimkuta mpagazi wake amejikunja nyuma ya jiwe, anakohoa povu la rangi ya waridi. Mapafu yalikuwa yanajaa maji, na kwenye redio hakuna aliyekuwa amemtaja. Machela ilikuwa moja. Mzee Muriuki akamlaza mpagazi. Mgeni akauliza kwa ukali kama tunajua yeye ni nani. "Najua," Mzee akamjibu. "Wewe ni yule anaweza kutembea." Tulicheka kimoyomoyo njia nzima, na yule bwana akashuka kwa magoti yake mwenyewe mpaka getini. Mpagazi yule ana wajukuu sasa.

Siku hizi mko na simu, na mnafikiri ukibonyeza, helikopta inakuja kama boda. Kule juu kabisa hewa ni nyepesi, mapanga ya helikopta yanakosa nguvu, na ikikaribia saa sita mawingu mara nyingi yamefunga. Wanaokuja ni watu, kwa miguu, wenye wake na waume na watoto nyumbani. Simu zimeokoa wengi, sikatai. Lakini pia zimepandisha wengi mahali ambapo wasingefika bila kuwa nazo mfukoni.

Sasa niwaambie kuhusu kura ya githeri, tuliyoipa jina la kile chakula cha mahindi na maharagwe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Kabla ya kuingia kwenye mwamba, Mzee Muriuki alimpa kila mmoja wetu punje mbili kavu, moja ya haragwe na moja ya hindi. Kikombe cha bati kiliwekwa mezani, kimefunikwa kwa kofia ya sufu. Unaingiza mkono chini ya kofia na kuacha punje moja. Haragwe maana yake niko sawa, napanda. Hindi maana yake leo sipandi. Ile inayobaki mkononi unawatupia pimbi huko nje, wale wanyama wanene wasio na haya wanaokaa kwenye mawe. Kiongozi peke yake ndiye hufunua kofia na kutazama. Akikuta hindi, hata moja, anasema, "Kuna hindi," basi. Hakuna kuuliza ni la nani. Anamwita kila mtu kando, mmoja mmoja, kila mmoja kwa muda sawa, kisha anapanga upya nani abaki na nani apande, au wote wangoje. Aliyekataa hajulikani, na jioni anakula na wenzake bila mtu kumtazama vibaya.

Msicheke. Watu wako tayari kufa ili wasiitwe waoga, na Mzee Muriuki alikuwa amezika wawili wa namna hiyo. "Mdomo una aibu," alikuwa akisema. "Mkono ukiwa chini ya kofia hauna." Alipostaafu aliniachia uongozi na kile kikombe. Akaniambia kura ile inasimama juu ya neno la anayefunua kofia, na siku nitakayodanganya nikitupe, kwa sababu kitakuwa kikombe cha chai tu.

Siku yenyewe ni miaka kumi na moja iliyopita. Tulikuwa wanne. Mimi kiongozi. Lemayian, mtu wa Rombo, aliyekulia upande ule wa Kilimanjaro na kupanda vizuri kuliko mimi. Huwa yeye ndiye anatangulia na kamba. Mutua, mkimya mwenye nguvu. Na Wafula, mtu wa Kimilili, mcheshi, ambaye hakuficha woga wake hata siku moja. Kila tukifika chini ya mwamba angesema, "Mkubwa, mimi hata ngazi ya kupaka rangi naogopa," halafu angepanda.

Wanafunzi wawili wa chuo walikuwa wamepanda peke yao. Mmoja, Brian, alianguka karibu na kilele, akavunjika mguu chini ya goti, akabaki kwenye ukingo mwembamba wa mwamba. Rafiki yake aliteremka kuomba msaada. Tulipata habari mchana, tukapanda mbio mpaka kibanda cha juu siku hiyohiyo. Lemayian alikuwa amerudi kutoka likizo ya wiki tatu huko Rombo, chini kwenye joto, siku moja tu kabla. Mwili uliokaa chini wiki tatu unahitaji siku kadhaa kuzoea tena ile hewa. Nilijua hilo. Nataka muelewe kwamba nilijua.

Alfajiri tukaketi kupiga kura. Brian alikuwa amelala usiku mmoja kule juu. Theluji ilitarajiwa alasiri. Kikosi kingine kilikuwa kinakuja kutoka upande wa pili wa mlima, lakini kingefika adhuhuri, na hapo kupanda kungekuwa kumeshindikana kwa siku hiyo. Kila baada ya dakika chache tulisikia filimbi ya Brian kutoka juu, nyembamba, mara mbili, halafu kimya. Kila mtu alikuwa ameingiza mkono wake chini ya kofia, na mimi nilikuwa nimeishika niifunue, wakati rafiki yake Brian alipoingia na simu, sauti imefunguliwa wote tusikie.

"Baba, mimi ni Mama Brian. Huyo ndiye mtoto niko naye, sina mwingine. Nimeambiwa mko hapo tu chini yake. Si mnaenda? Niambie tu mnaenda."

Nikafunua. Maharagwe matatu na hindi moja.

Nimejitetea kichwani mara nyingi sana. Watu watatu hawawezi kumshusha mwenye mguu uliovunjika kwenye mwamba ule. Nikisema kuna hindi, tunangoja, theluji inafika, na kijana analala usiku wa pili peke yake, asingeamka. Hayo yote ni kweli. Lakini si hayo yaliyonifanya nidanganye. Nilimtazama Wafula, akitafuna kucha. Nikajiambia, ni yeye, ni woga wake wa kila siku, utamtoka akishika mwamba. Nikairudisha kofia juu ya kikombe.

"Maharagwe matupu," nikasema. "Tunaenda, mama."

Mama Brian akaanza kulia na kunibariki. Mutua akainuka, Wafula akamaliza chai yake. Lemayian aliinama kufunga viatu, akakaa ameinama kwa muda mrefu.

Kwenye kura ya siri, kiongozi akidanganya, kuna mtu mmoja anayejua papo hapo. Ni yule aliyeweka hindi. Mimi sikuliwaza hilo kabisa. Nilikuwa nawaza filimbi.

Tuliingia kwenye mwamba kumekucha vizuri. Lemayian, ambaye hutangulia, akasema leo Wafula atangulie, yeye atafuata nyuma. Nilipaswa kusimama hapo. Baadaye nikamwona akijaribu kufunga karabina, ile pete ya chuma ya kunasia, kwenye kamba, akikosa, akijaribu tena, akikosa. Kisha nikaona glavu ya kushoto iko mkono wa kulia. Nikamuuliza swali lilelile ambalo Mzee Muriuki alinikataza kuuliza.

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

Nami nikakubali, kwa sababu jibu lilinifaa. Saa tano tulikuwa tumebakiza urefu wa kamba moja kumfikia Brian. Tuliona buti lake likining'inia ukingoni. Alipoona kofia zetu alianza kupiga kelele, "Nawaona! Asanteni! Aki asanteni!" na sauti yake ikakatika kwa kilio. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Nikawa napanga jinsi ya kumfunga mguu, na hapo nikasikia Mutua nyuma yangu, "Lemayian, wacha!"

Lemayian alikuwa amefungua zipu ya koti, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na vidole vyake vilikuwa kwenye fundo la kamba kiunoni. Alikuwa anajifungua. Chini ya visigino vyake hakukuwa na kitu mpaka barafuni.

"Ndama wanalia," akasema polepole. "Wacha nifungue lango."

Mutua alimkumbatia kutoka nyuma na kumbana kwenye mwamba kwa kifua chake. Nilifika nikashika lile fundo kwa mikono yote miwili, na kwa muda sikujua kama nalikaza au nalilegeza. Sijawahi kuogopa hivyo, kabla wala baada. Nilimuuliza jina la binti yake wa kwanza. Alinitazama usoni, akatafuta, akanipa jina la ng'ombe. Nikamdunga sindano tunayobeba kwa ajili ya ubongo uliovimba, kupitia suruali. Sindano ile haimponyi mtu. Inakununulia saa chache za kumteremsha.

Hapo ndipo nilipojua lile hindi lilikuwa la nani.

Sikilizeni sasa, maana hili mtakutana nalo. Tulikuwa na kamba mbili. Kumteremsha mtu asiyejiweza kulihitaji zote mbili na watu wawili. Juu yetu kulikuwa na kijana anayetuona. "Mbona mmesimama?" aliuliza. Huwezi kuwa na wote wawili. Mzee Muriuki alitufundisha kwamba wa kikosi anashushwa kwanza, na si kwa sababu damu yake ni ghali kuliko ya aliyekwama. Ni kwamba kikosi kinachoacha mtu wake mwambani, mwaka ujao hakuna atakayejiunga nacho, na wote watakaokwama baadaye watakufa. Darasani inaeleweka vizuri. Mwambie hivyo mtu ambaye buti lake unaliona.

"Brian," nikaita, "mwenzetu anakufa. Lazima tumshushe. Tutarudi kesho alfajiri."

Akasema, "Sawa." Sauti ndogo, ya mtoto aliyekatazwa kitu. Kuna siku nalisikia neno hilo nikiwa dukani nanunua maziwa.

Wafula akanigusa bega. "Mkubwa, nyinyi teremsheni Lemayian. Mimi naenda kwa huyo kijana."

"Nahitaji kamba zote mbili."

"Najua. Nikifika, nafungua yangu nawarushia."

"Utakaa huko bila kamba mpaka kesho. Na theluji inakuja, Wafula."

"Si jana amelala peke yake? Leo akoromewe na mtu." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akachukua mifuko yote ya kulalia na maji yote, akapanda urefu ule wa mwisho mbele ya macho yangu, miguu ikitetemeka kila alipoisimamisha. Hakusimama kupumzika hata mara moja. Baadaye ncha ya kamba ilishuka kutoka kwenye ukungu, haina mtu. Nikaivuta, nikaikunja.

Mimi na Mutua tulimteremsha Lemayian, urefu wa kamba mmoja baada ya mwingine, nikifunga fundo mwishoni kila mara kama nilivyofundishwa. Theluji ilitukuta katikati. Mara alilia, mara aliimba, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikonitisha zaidi. Chini ya mwamba wapagazi walikuwa wanangoja na machela, wakakimbia naye mpaka bondeni, mahali ambapo helikopta inaweza kutua, na kabla ya giza alikuwa amepelekwa hospitali.

Alfajiri nilirudi juu na kile kikosi kingine. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Tuliwakuta wote wawili hai. Wafula alikuwa amejiweka upande wa upepo, mgongo wake umejaa theluji, na Brian ndani kama mtoto anayenyonyeshwa. Wafula alikatwa vidole vitatu vya mguu. Brian anatembea mpaka leo na chuma mguuni.

Mnaona ilivyokwisha vizuri? Hilo ndilo tatizo.

Wakubwa walikuja kuuliza ilikuwaje mtu mgonjwa akapanda. Kura ilisemaje? Nikasema, maharagwe matupu. Nilisema mara moja tu, haikuhitajika mara ya pili. Wakaandika kwamba Lemayian alijua anaumwa, akaficha, akahatarisha maisha ya wenzake. Yeye wakati huo alikuwa kitandani, hawezi kupanga maneno matatu. Alipoweza, mambo yalikuwa yamefungwa. Hakurudi kazini. Mguu wa kushoto haukurudi kuwa sawa, na majina ya watu humpotea. Wafula alipotoka hospitali alisema, "Angesema tu ukweli, ningekuwa na vidole kumi." Kuanzia hapo hakwenda kumwona. Mama Brian alikuja na ndugu zake, akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono. Cheti changu cha ushujaa kilitundikwa sebuleni, na mke wangu alikuwa akikifuta vumbi kila Jumamosi.

Kwa nini sikusema? Siku za kwanza niliogopa kazi. Halafu niliona haya. Halafu muda ulikuwa umepita mno, ndivyo nilivyojiambia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka kumi na moja, na ningeendelea nayo mpaka kaburini kama si swali la chai.

Lemayian alihamia Kajiado mjini ili awe karibu na hospitali, na siku ya soko huuza mbuzi na binti yake. Niliponunua ploti hapa Kitengela na kustaafu, alikuja akanipa kondoo. Kwa Wamaasai, mtu akikupa kondoo, kuanzia siku hiyo mnaitana Paker, hamwitani tena majina. Kila aliponiita hivyo kwenye simu nilijichukia, nami nikaitika.

Jumatatu baada ya swali lenu nilikwenda Kajiado. Nilimkuta ameketi kwenye gogo kando ya uzio wa soko la mifugo, fimbo kati ya magoti.

"Sopa, Paker," nikamsalimia.

"Epa," akaitika, akanisogezea nafasi.

Nilimwambia yote, mbuzi wakipiga kelele, nikilazimika kuinua sauti kwa jambo ambalo nilitaka kulinong'ona. Hakunikatiza.

"Hindi lilikuwa langu," akasema.

"Najua. Nilijua ulipotaja ndama."

"Mimi nilijua ukiwa bado umeshika kofia."

"Mbona hukusema? Ungesema pale pale!"

Maneno yake huja polepole siku hizi, nikangoja. "Ningesema, hao wengine wangepanda na mtu hawamwamini. Ama wangekataa, na yule kijana afe. Huko juu ukisema vuta, mtu lazima avute. Nikaona wacha niumwe na kichwa." Akachora chini kwa fimbo. "Nilifikiri utasema jioni. Halafu nikafikiri utasema nikitoka hospitali. Halafu nikakupa kondoo. Nikasema, huyu atashindwa kumchukua."

Nilimchukua. Nilimfunga nyuma ya gari na kushukuru sana.

Nililia pale sokoni, mzee mzima, mbele ya wanunuzi. Lemayian hakunifariji wala hakunifukuza. Baadaye akasema, "Mimi nimekuachilia zamani. Lakini Wafula anasema nimekula vidole vyake. Mpigie."

Nilipiga nikiwa hapo hapo kwenye gogo. Wafula alipokea akicheka. "Mkubwa! Leo umekumbuka watu wa kawaida?" Nikamwambia aketi. Nikamweleza, na kicheko kikaisha katikati ya sentensi ya kwanza.

"Kwa hivyo Lemayian hakuficha," akasema.

"Hakuficha. Alisema hapana. Mimi ndiye nilificha."

"Na hilo hindi, wakati umeliona. Ulifikiri ni la nani?"

Ningeweza kudanganya tena. Wallahi, ulimi ulikuwa umeshajipanga.

"Nilifikiri ni lako."

Nilisikia jogoo kwao, na mtu akipiga deki. Nikatazama simu kama imekatika.

"Kajiado anakaa upande gani?" Wafula akauliza. Nikamwelekeza. Akakata.

Basi vijana wangu, mkitaka kura ya githeri, chukueni, ni nzuri kuliko chombo chochote mlichonunua. Lakini kofia ifunuliwe na watu wawili, wasio marafiki sana. Mzee Muriuki aliniamini peke yangu, na lilikuwa kosa lake pekee ninalolijua. Mtu akitoka likizo, apumzike siku zake hata kama anayelia juu ni ndugu yenu. Na simu za mama za watu zipokelewe nje ya chumba cha kura, na mtu ambaye hapigi kura. Barua nimekwishaiandika kwa wakubwa wa zamani ili jina la Lemayian lisafishwe. Cheti nimekishusha, na mke wangu ameniuliza kwa nini, nami nimemwambia.

Jana Lemayian alinipigia, sauti imejaa furaha. Wafula alifika kwake Alhamisi na kuku wawili, akakaa siku mbili. Walivua viatu wakalinganisha miguu, wakabishana ni nani mlima ulimla zaidi, wakacheka mpaka binti akaja kuona kuna nini. Kutoka kwao Wafula mpaka Kajiado basi linapita hapa Kitengela, kwenda na kurudi. Binti yake Lemayian alikuwa ametudokezea safari hiyo, na mke wangu alikuwa amepika siku ya kwenda na siku ya kurudi. Wafula hakushuka.